Pilau ya Upande wa Pili

Baba yangu alikuwa akipasua njiti za kiberiti. Kila mwisho wa mwezi aliketi kizingitini, wembe mkononi, akaigawa kila njiti mara mbili kutoka kichwani hadi mwisho, na nyingi kati ya hizo zilivunjika tulipojaribu kuziwasha. Kwa hivyo nyumba yetu ilimaliza viberiti vingi kuliko nyumba za majirani ambao hawakubana kitu. Ukimweleza jambo hilo alikutazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa ambaye hajajua kuwa anaumwa.

Tulikaa Likoni, kando ya njia ya kwendea Mtongwe, katika miaka ya themanini. Tulikuwa watoto watatu: dada yangu mkubwa, kaka yangu, na mimi kitinda mimba. Baba alishona midomo ya magunia katika ghala moja kule Changamwe, na nadhani kazi ile ilimwingia mwilini, maana hata akifika nyumbani aliendelea kufunga. Alifunga kopo la sukari kwa uzi wa gunia na fundo ambalo yeye peke yake alijua kulifungua. Majani ya chai yalianikwa juani yakapikwa mara ya pili, na hayo ya mara ya pili ndiyo waliyopewa wageni. Chakula kikishapakuliwa taa ilizimwa, kwa kuwa, kama alivyosema, mkono haupotei njia ya kinywani. Watu walimwita mkono wa birika. Mwenyewe alisema ana mpango.

Mpango ulikuwa na sehemu nyingi, lakini ile aliyojivunia kuliko zote ilikuwa pilau ya arusi.

Watu wa pwani wana neno la mtu anayekula karamu asiyoalikwa. Humwita mdoezi. Neno hilo halikuruhusiwa kutamkwa nyumbani kwetu. Baba alishikilia kwamba yeye hadoei, yeye anaitikia mwaliko ambao kwa bahati mbaya haujamfikia. Na alikuwa na hoja. Arusi, alitueleza, ina pande mbili, wa bwana na wa bibi, na pande hizo hazijuani. Ukiingia, wa upande wa bwana watakudhani wa bibi, na wa upande wa bibi watakudhani wa bwana. Hakuna atakayekuuliza, kwa sababu anayeuliza ndiye atakayetahayari ikiwa wewe ni mjomba wa mtu.

"Sikilizeni," alituambia akiinua kidole. "Msiulizwe, na msiulize. Neno 'upande gani' lisitoke kinywani mwenu hata mkiona nyumba yawaka moto."

Habari za arusi hazikumpita. Alizipata kwa kinyozi, msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na zaidi ya yote kwa wauza nyama. Mtu akiuliza bei ya ng'ombe mzima Likoni, baba alikuwa ameshajua, na kabla ng'ombe hajafungwa kamba sisi tulikuwa tumeshakatiwa mlo wa mchana wa siku hiyo. Jumamosi na Jumapili za miezi ya arusi jiko letu halikuwashwa kabisa. Paka wetu alijifunza kuhama siku hizo.

Kaka yangu ndiye aliyeandamana na baba upande wa wanaume, na kwake nilisikia kanuni za sinia. Sinia la pilau huliwa na watu wanne au watano, kwa hiyo chagua watu kabla hujachagua sinia. Keti na wazee wasio na meno, maana hao hula polepole na nyama ngumu huiwacha. Usinywe maji kabla. Usicheke, kicheko hula nafasi. Dua ikisomwa, itikia "Amin" kwa sauti kubwa kuliko wenye arusi, ili anayekutilia shaka aone haya. Kaka anasema baba alikuwa akilia kidogo kwenye dua, na machozi yalikuwa ya kweli.

Siku moja tu hoja ya pande mbili ilimwangusha, nayo ni siku aliyotuchukua kwenye hitima. Alisahau kwamba maiti hana upande wa pili. Kaka anasema mwenye hitima, mzee mmoja mwenye ndevu za hina, alimgeukia baba kwa upole kabisa akamuuliza, "Marehemu mlijuana wapi, bwana?"

"Ah, marehemu!" baba akasema, akatikisa kichwa. "Tulisoma chuo kimoja. Bakora moja ilituchapa sote wawili, wallahi."

Marehemu alikuwa mamake yule mzee, bibi wa miaka tisini. Baba wakati huo alikuwa na arobaini na kitu. Mzee alivuta ndevu zake, akasema, "Alhamdulillahi. Basi Mungu amekuweka vyema, maana huonyeshi." Kisha akamsogezea kipande cha nyama kwenye sinia. Kaka anaapa kwamba hajapata kuona mtu akitafuna nyama taratibu namna ile.

Sasa niseme habari za mama.

Mama hakuipenda ile hoja ya baba, lakini hakubishana nayo. Alichofanya ni kwenda mapema. Arusi ikiwa Jumamosi, yeye Ijumaa alasiri alivaa buibui lake, akatia uteo wake kwapani, ule ungo wa kupetea mchele, na kisu kidogo cha mpini wa mbao, akanishika mkono, dada akafuata, tukaenda. Uteo ule ulikuwa umechanika ukingoni na mama alikuwa ameuzungushia utepe wa kanga nyekundu iliyokwisha kazi, kwa hivyo ulionekana toka mbali.

Baba aliona huo ni ujinga wa kike. "Pilau huliwa adhuhuri," alimwambia kila mara, "wewe waenda sasa kufanya nini? Wamaliza soli za ndara bure." Katika mpango wake soli za ndara zilikuwa na fungu lao.

Tulipofika kwenye nyumba ya arusi tuliingia kwa nyuma, uani, walikokuwa wanawake kwenye mikeka, na pale hoja ya baba haikuwa na nguvu hata kidogo, maana wanaume huenda hawaulizi lakini wanawake huuliza. Nakumbuka mara ya kwanza. Mwanamke mmoja mnene alimtazama mama kutoka juu mpaka chini akasema, "Karibu dada. Sijui wewe wa upande gani?"

Hilo ndilo neno lenyewe, lililokatazwa hata nyumba ikiwaka moto.

"Nimekuja kuchambua mchele," mama akasema. Akaketi, akavuta gunia, akajaza uteo.

Hakuna aliyemuuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine. Mchele wa magunia wa wakati huo ulikuwa na mawe na chuya, zile punje zenye maganda, na kuuchambua wa watu mia tatu kulichukua mikono mingi. Mama alipeta, akatoa mawe, akamimina, akajaza tena. Mimi na dada yangu tulimenya vitunguu saumu mpaka kucha zikauma. Na alikuwa na sharti moja kwetu: mtoto wake haonji kitu pale mpaka beseni lake la saumu lijae. Siku ya pili, wakati baba akiingia kwa mlango wa mbele na kanzu yake iliyopigwa pasi, mama alikuwa yuko nyuma tangu alfajiri, machoni moshi, akikoroga sufuria ambalo mimi ningeweza kuoga ndani yake.

Niseme ukweli: nilimwonea mama haya. Darasani Jumatatu wenzangu waliziba pua, mikono yangu ikinuka saumu, nami nikajiambia kwamba baba ndiye mwenye akili. Yeye alikula bila kutoka jasho. Mama alikula kile kile, tena ukoko, na alifanya kazi siku mbili. Nilidhani ni mjinga kidogo, Mungu anisamehe.

Tukaenda hivyo miaka saba, kutoka arusi hadi arusi, mpaka ikafika ile ambayo baba hakuwahi kuitia kwenye mpango. Dada yangu akachumbiwa.

Kijana alitoka Kisauni, fundi wa redio, mpole, mwenye jamaa wengi. Posa ikaja, ikakubaliwa, siku ikatakiwa. Na hapo nikamwona baba, kwa mara ya kwanza, akiogopa. Alikaa kizingitini bila wembe, bila njiti, akatazama njia ya Mtongwe kama anayengoja askari.

"Itakuwa Jumanne," alituambia mwishowe. "Baada ya alasiri, msikitini. Kahawa na halua. Asiambiwe mtu."

"Jumanne?" dada akasema. "Baba, nani huoa Jumanne?"

"Mwenye busara."

"Na wakwe zangu? Watoke Kisauni, wavuke feri, wapewe kikombe cha kahawa warudi?"

"Kahawa huondoa uchovu," baba akasema.

Mama ndiye aliyemuuliza anaogopa nini. Ndipo baba akasema, kwa sauti ya chini, "Nimekula arusi za watu miaka saba. Tukialika, watakuja wote. Kila sinia nililoketi litakuja na watu wake wanne. Mimi nitawalisha nini? Hata nikiuza mlango?" Halafu akaongeza, na nilijua hilo ndilo lililomwuma, "Na wasipokuja je? Wakisema, yule mdoezi, mwacheni ale yeye na kahawa yake?" Lile neno alilitamka mwenyewe.

Dada yangu alilia siku mbili. Hakulilia pilau. Alililia kwamba jamaa wa mume wangerudi Kisauni wakisema bibi arusi hana watu. Mwanamke akiingia nyumba ya mume akasemwa hana watu, husemwa hivyo mpaka awe na wajukuu, na kila akikosana na mawifi hutajiwa. Alikuwa amemenya saumu za maarusi wote wa Likoni tangu ana miaka kumi na mbili, na yeye mwenyewe angeolewa kimya kimya kama mtu aliyeiba kuku. Nilimkasirikia baba hasira ambayo hata leo nikiikumbuka mashavu hupata moto. Mama alikwenda akaosha uteo wake, akauanika, akarudi akamsuka dada nywele.

Siri ile ingedumu, lakini baba alikwenda kwa muuza halua. Alikwenda mwenyewe ili apunguziwe, akavutana naye kuhusu halua ya watu arobaini, akaeleza kuwa si jambo kubwa, ni shughuli ndogo tu ya binti. Miaka yote ile yeye ndiye aliyekuwa akisikiliza nani kauliza bei ya nini. Siku hiyo hakukumbuka kwamba na wenzake wana masikio. Nadhani habari ilifika Mtongwe kabla yeye hajafika nyumbani, na halua hakupunguziwa.

Jumatatu alasiri ikabishwa hodi mlango wa nyuma. Baba ndiye aliyefungua. Alikuwa bibi mmoja mzee wa Mtongwe, amejifunika buibui, na kwapani ana uteo.

"Shikamoo," baba akasema, amechanganyikiwa.

"Marahaba. Hapa pana arusi, au nimekosea nyumba?"

"Ipo, bi mkubwa, lakini ni ya kahawa tu."

"Kahawa mtakunywa. Nipishe, mwanangu, jua laniunguza."

Akapita. Uteo wake haukuwa mtupu, ulikuwa na mchele, umefungwa kwa kanga usimwagike. Nyuma yake wakaja wawili, nyuma ya wawili wakaja watano, akiwemo yule mwanamke mnene wa mara ya kwanza. Kila mmoja ana uteo, kila mmoja ana kisu chake, na ndani ya kila uteo kipimo cha mchele, au vitunguu, au kifungu cha bizari, na mmoja ana chupa ya samli ameikumbatia kama mtoto. Ua wetu mdogo ulijaa mpaka wengine wakaketi juu ya mawe ya kufulia. Baba alisimama mlangoni, mikono imeanguka, anawatazama. Na hapo lile neno likamtoka.

"Nyinyi," akasema, "nyinyi ni wa upande gani?"

Kaka yangu akanitazama, nami nikamtazama.

"Sisi?" yule bibi mzee akasema bila kuinua macho. "Tumekuja kuchambua mchele."

Wakacheka wote, wakaendelea kupeta. Mama akanyoosha mkono kuuchukua uteo wake wenye utepe mwekundu, naye yule mnene akamnyang'anya. "Leo hushiki kitu," akamwambia. "Leo wewe ni mama wa bibi arusi. Kaa pale." Wakamkalisha kitandani, kivulini, wakampa kikombe cha chai ya maziwa, chai ya majani mapya. Mama alikaa. Mikono yake hakujua aiweke wapi. Aliiweka mapajani, akaigeuza, akaificha ndani ya kanga, akaitoa tena, na vidole vikawa vinachambua kitambaa kana kwamba kina mawe. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Nililia kwa furaha na kwa aibu, na aibu ilikuwa nyingi zaidi.

Kabla ya magharibi akaja yule mzee mwenye ndevu za hina, anavuta mbuzi wawili. Baba alipomwona akataka kuingia ndani, lakini mzee alikuwa ameshamsalimu.

"Mmoja ni wangu," mzee akasema, akimkabidhi kamba. "Huyu mwingine ni wa marehemu mamangu. Amemletea mwanafunzi mwenziwe."

Kaka yangu alianguka chini kwa kicheko. Baba alishika kamba mbili, akaangalia mbuzi, akaangalia anga.

Kwa hiyo dada yangu aliolewa Jumanne, na kwa mara ya kwanza Likoni iliona arusi ya Jumanne yenye watu mpaka njiani. Wakwe wa Kisauni walivuka feri wakakuta masinia yamepangwa, wakakaribishwa, wakala wakamaliza, na walipokuwa wakiondoka nilimsikia mama mkwe wa dada akimwambia mwenzake kwa mshangao, "Bibi arusi ana watu." Dada naye alisikia kutoka ndani. Alinibana mkono mpaka ukauma.

Upande wa wanaume, kaka anasema, baba alihudumu muda wote na hakukaa mpaka masinia ya mwisho. Alipokaa, alikaa na yule mzee. Aliitazama pilau bila kuigusa, kisha akauliza.

"Mulijua?"

"Tangu arusi ya kwanza," mzee akasema.

"Na mukanyamaza miaka yote? Mukawa mwanilisha tu?"

"Wewe?" Mzee akamsogezea kipande cha nyama, kama siku ile. "Bwana, sisi hatukuwa tukikulisha wewe. Tulikuwa twamlisha mume wa yule mwenye uteo."

Baba hakulisimulia hilo nyumbani. Kaka ndiye aliyetuambia, tena baada ya miaka, na alipotuambia mama alikuwepo, akasema tu kwamba pilau ya siku ile ilizidi chumvi.

Njiti za kiberiti aliendelea kuzipasua, sitadanganya. Kopo la sukari lilibaki na fundo lake. Lakini Jumamosi ya juma lililofuata kulikuwa na arusi Mtongwe, na Ijumaa alasiri, wakati mama akivaa buibui, baba alitoka chumbani bila kanzu. Alikuwa amevaa shati lake la ghalani, lenye nyuzi za magunia mabegani, na ameshika shoka letu la kupasulia kuni. Akasimama mlangoni, anangoja.

Mama aliutia uteo kwapani. Alimtazama kutoka juu mpaka chini, kama yeye alivyotazamwa mara ya kwanza.

"Pilau huliwa adhuhuri," akamwambia. "Wewe waenda sasa kufanya nini?"

Baba akainamisha kichwa, akaweka shoka begani, akamfuata.